Usilale Chali

Asubuhi ya juzi, uji ukipoa mbele yake, mwanangu aliniuliza, "Mama, kwa nini usiku niliamka lakini mwili ukakataa kuamka?" Nilimjibu kwamba hilo huitwa jinamizi na halidhuru, kisha nikabaki nimeshika mwiko, nimerudi Wete mwaka 1995.

Ramadhani ile Popobawa, jini aliyesemekana kuwavamia watu usiku vitandani mwao, alikuwa ameitia hofu Pemba nzima, na majirani walilala nje kwa makundi, wamekoka moto, hadi alfajiri. Baada ya siku kadhaa za kukesha nilishindwa. Niliingia ndani kwa siri nikajitupa chali kitandani kwa bibi.

Nilipofumbua macho niliiona kamba ya chandarua, nikaziona boriti za dari, na mwanga wa moto wa uani ukichezacheza ukutani. Nilimsikia bibi akikohoa barazani. Lakini kidole hakikusogea, ulimi haukunyanyuka, na kifua kilielemewa kana kwamba mtu amekikalia. Nami nilikuwa na yakini kwamba yupo mtu upande wa miguuni, ingawa sikumwona. Nilijaribu kuisoma Ayatul Kursiyyu moyoni, nikawa narudia neno lile lile la kwanza. Mara kidole gumba cha mguu kikacheza, na mwili wote ukafunguka.

Bibi hakuuliza mengi. Alinilaza ubavu wa kulia akasema, "Usilale chali, mjukuu wangu."

Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambao mwaka 1953 walieleza usingizi ambao macho huenda mbio chini ya kope. Katika usingizi huo ndoto huwa nyingi, na ubongo huilegeza misuli ili mwili usiifuate ndoto. Fahamu ikitangulia kuamka, mtu hujikuta yu macho ndani ya mwili uliolala, na ndoto ikaendelea chumbani mwake. Kulala chali huchochea hali hiyo, na kukosa usingizi pia. Basi bibi alisema kweli, na kukesha kwetu kwa kumkimbia Popobawa pengine ndiko kulikomwita.

Nilimweleza mwanangu hayo yote kwa maneno mepesi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasukuma bakuli, akauliza, "Na yule aliyesimama mlangoni?"

Swali hilo bado sijalijibu.