Nauli ya Hindi Moja

Baba alikuwa saisi. Siku hizi nikilitaja neno hilo mbele ya vijana wananitazama kama nimewatajia kodi ya kichwa, basi huwaambia tu: mtunza farasi. Miaka ishirini na kitu aliamka saa kumi alfajiri kwenye shamba la Mzungu mmoja upande wa Timau, akalisha, akasugua, akachokoa kwato, akatandika. Mwenye shamba alipouza na kurudi kwao, Baba alikuja nyumbani na bahasha ambayo haikutosha kununua hata mabati ya jikoni, mbwa jike aliyezaliwa kwenye mabanda ya farasi, na farasi mzee ambaye hakupata mnunuzi.

Farasi aliitwa Major. Kwetu akawa Meja. Mbwa alikuwa Popi, kama nusu ya mbwa wa wilaya nzima.

Majirani walikuwa na ng'ombe, kondoo na punda wa kubebea maji. Walikuja kumkagua mgeni, wakauliza anatoa lita ngapi. Mama naye aliuliza swali hilohilo kwa miaka, ila kwa maneno mengine. Baba alijibu kwamba nyasi za Mungu hazina bei, akaendelea kumfungia Meja bandani kila siku kabla jua halijatua, kwa sababu ya visubi. Visubi ndio wanaoeneza ugonjwa wa farasi, na aliwahi kuona farasi wanne wakifa katika wiki moja, povu likiwatoka puani. Mimi nilikuwa na zamu ya kufunga hilo komeo.

Popi hakuwahi kulala mlangoni kwetu hata siku moja. Alilala kwenye majani makavu ya Meja, na Meja kabla ya kujilaza alishusha kichwa kwanza, akanusa, akahakikisha mbwa yuko wapi. Siku ya kukata kwato Popi alikaa miguuni pa Baba akisubiri vipande, na kila kipande kilichoanguka alikidaka na kwenda kukitafuna nyuma ya ghala. Tulikuwa na mbwa mwingine pia, Simba, mnene, rafiki wa sufuria. Huyo katika kisa hiki hana kazi yoyote.

Ilikuwa Desemba 1997. Mvua za El Niño zilikuwa zimenyesha tangu Oktoba, barabara imekuwa uji. Shule zimefungwa, mimi nina miaka kumi na mmoja na farasi. Siku moja baada ya Krismasi nilianzisha biashara. Mzunguko mmoja mgongoni mwa Meja, kuanzia mkaratusi wa kwanza hadi ghalani na kurudi, nauli hindi moja kavu. Hindi hakula mtoto, alikula Meja. Niliona nimetenda haki: mbavu zake zilikuwa zinahesabika, na ukiniuliza, mwenye gari ndiye anayewekewa mafuta? Si gari lenyewe? Abiria waliongezeka kila siku. Wazazi wao hawakujua mahindi yanakokwenda, na Baba hakujua yanakotoka, maana saa hizo alikuwa shambani akizibua mitaro.

Jumatatu ya tarehe 29 ilikuwa siku ya uchaguzi. Baba na Mama waliondoka alfajiri kwenda kupanga foleni shuleni. Walirudi jioni wamelowa, kila mmoja na wino kidoleni. Baba hakuingia ndani. Kutoka langoni alikuwa ameshamwona Meja amesimama vibaya.

Meja alikuwa akiparua ardhi kwa mguu wa mbele, akigeuza kichwa na kuutazama ubavu wake kama mtu aliyeguswa na asiyemjua. Kisha akapiga magoti, akaanguka, akaanza kugaragara kwenye tope.

"Msimamishe!" Baba alipiga kelele. "Asigaragare, utumbo utajisokota!"

Tulimvuta tukamwinua. Jambo la kwanza Baba alilofanya ni kupapasa vishimo vilivyo juu ya macho yake. Ule ugonjwa wa visubi mara nyingi huvivimbisha. Vilikuwa vimebonyea kama kawaida ya mzee, na Baba akashusha pumzi. Halafu akabandika sikio ubavuni. Tumbo la farasi mzima halinyamazi, linatokota kama sufuria ya githeri. Alisikiliza upande wa kushoto, akazunguka, akasikiliza wa kulia. Nikauona uso wake.

"Kimya," alisema.

Akatia vidole chini ya taya la Meja, akatazama saa yake ya mkononi, akahesabu mapigo. Sitini. Farasi aliyepumzika hafiki hamsini.

"Amekula nini leo?"

"Nyasi, Baba."

Daktari wa mifugo alikuwa mjini, na kwa barabara ile hata trekta lingekwama. Jirani mmoja mzee alikuja na chupa ya mafuta ya kupikia, akashauri tumwinue kichwa tummiminie, kama ng'ombe aliyevimbiwa. Baba alimshukuru, akakataa. Farasi hawezi kutapika, alimweleza, kikishaingia kimeingia, na mafuta yakipotea njia yakaenda kwenye mapafu, hapo utakuwa umemuua kwa mkono wako. Kilichobaki ni kumtembeza.

Tukamtembeza. Njia yetu ilikuwa ileile ya biashara yangu, mkaratusi wa kwanza hadi ghalani na kurudi. Baba mbele na kamba, mimi nyuma na tochi, na Popi kando ya mguu wa mbele wa Meja, tope hadi kifuani, hakai hata tunaposimama. Jikoni Mama aliwasha redio akisubiri matokeo ya kura, na kila tulipopita dirishani tulidaka kipande cha habari. Kila baada ya muda Baba alibandika sikio. Kimya. Mvua ikaanza tena. Meja alikuwa akitokwa jasho kwenye baridi ile ya Timau, hata shingo ikafuka mvuke kwenye mwanga wa tochi.

Kama saa saba usiku magoti yake yalilegea, na Baba akamwegemeza kwa bega lake mwenyewe. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia.

"Baba, nilimpa hindi."

Hakugeuka. "Mangapi?"

"Moja." Tukafika ghalani. "Mawili. Leo tu."

"Haya," alisema, tukageuza.

Nilifikiri yamekwisha. Nilijisikia mwepesi, mkweli kabisa, nikaanza hata kumhurumia Baba kwa uchovu wake.

Saa kumi na moja kasoro Meja alisimama ghafla, akanyanyua mkia, akajamba. Nisameheni, sina neno la adabu linalotosha. Ilikuwa ndefu, yenye vituo, na Baba, mtu ambaye hakucheka ovyo, alicheka hadi akashika ukuta. Hatua chache mbele Meja akaangusha mavi, vidonge vinne vitano vigumu. Popi akanusa, akapiga chafya, akaenda kulala. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa tangu jioni.

Baba aliniomba tochi. Akachuchumaa, akapasua kidonge kimoja kwa vidole, kile cha wino kikiwemo. Ndani kulikuwa na punje za mahindi, nyingine nzima kabisa, nyeupe. Akapasua cha pili. Akazipanga kiganjani.

"Chakula cha farasi," alisema polepole, kama anayemfundisha saisi mpya, "hukaa tumboni siku mbili, hata tatu. Leo Jumanne. Haya si ya jana." Akanyanyua macho. "Haya ni ya Jumamosi."

Tochi ilinitetemeka mkononi.

"Mlikuwa wangapi?"

"Siku hiyo? Tisa."

Alinawa mikono kwenye dimbwi, akanikabidhi kamba. "Mtembeze mpaka jua litoke." Akaingia ndani.

Kulipopambazuka Meja alikuwa akichuma majani kando ya ua kwa ncha za midomo, tumbo limeanza kunguruma. Na pale langoni, wamejipanga foleni kama wazazi wao jana, walisimama abiria wangu, kila mmoja na hindi lake mkononi. Niliwapungia mkono waondoke. Wakadhani nawasalimu.

Baba alitoka na kikombe cha chai. Akawaendea, akawasabahi mmoja mmoja, akapokea nauli zao zote kwa adabu na kumpelekea Mama. Kisha akaleta sepetu tatu na toroli, akawaonyesha banda la Meja.

Mimi nilipewa kazi ya kumwosha Popi.