Kurasa za Mwisho

Maktaba ya kijiji chetu, kisiwani Ukerewe, ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa ofisi ya kijiji. Ilianzishwa wakati wa kampeni ya kisomo ya miaka ya 70, ili watu wazima waliokwisha kujua kusoma wasije wakasahau. Vitabu vingi vilikuwa vya kilimo bora cha pamba, vyoo na uji wa watoto. Magazeti ya Elimu Haina Mwisho yalitundikwa kwa kamba ya katani. Riwaya zilikuwa chache, na moja ndiyo iliyogombaniwa.

Ilimhusu karani wa ushirika anayekula fedha za wakulima wa pamba. Hebu wasimulie wakulima wa pamba kisa hicho! Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, sheria ya kuvirudisha ikapita 1982, na kila mzee pale alikuwa na karani wake ambaye hajamsamehe.

Mwaka 1983, nikiwa darasa la tano, babu yangu aliamua riwaya ile isomwe kwa sauti, jioni, wote wasikie. Alikuwa amefuzu hatua ya nne ya kisomo na hakukubali mtu amsaidie. Alisoma kwa kidole, akipachika koma pale alipoishiwa pumzi. Akina mama walikuja na ukili wao, wakasuka huku wakimtukana karani. Mafuta ya taa yalikuwa ya shida mwaka ule, kwa hiyo kila nyumba ilileta kidogo kwenye chupa, na mtunza maktaba akamimina kwenye kandili mbele yetu, tuone hajapunja.

Tukafika karani anapoteremka ziwani usiku, begi mkononi. Babu akafunua ukurasa. Akakuta jalada. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa, tena kwa ustadi, vipande vya upana wa sigara. Macho yote yakawageukia wavuta tumbaku waliokaa mlangoni, nao wakatazama nje kana kwamba kuna mgeni anakuja.

Basi ikawa baraza. Ule ndio mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, kila redio ilikuwa inataja waliokamatwa na magunia ya sukari. Mwenyekiti wa kijiji akasema karani hawezi kuvuka, atakamatwa kivukoni. Mama mmoja akauliza nani atamkamata na mgambo wote wamelala. Ikakubalika kwamba mkewe ndiye atamfichua, kwa sababu sura ya tatu alinyimwa hela ya kanga. Mtunza maktaba aliandika yote kwenye daftari la shule, akabandika nyuma ya kitabu kwa uji wa muhogo.

Baadaye alikwenda Mwanza kwa meli kwa shughuli zake, akapitia Maktaba ya Mkoa, akakipata kitabu kizima. Akanakili kurasa zile kwa mkono, upande na upande. Siku ya kuzisoma watu walijaa hadi madirishani.

Karani alivuka. Akafika ng'ambo salama, akafungua duka.

Sijawahi kuona hadhira ikikasirika vile, na nimekaa kwenye kumbi nyingi tangu hapo. Babu alirudia aya ile mara mbili, labda amekosea kusoma. Mwenyekiti akasimama: "Mwaka huu? Mhujumu afungue duka?" Mtunza maktaba, maskini, akajitetea kwamba yeye kanakili tu. Mtu akadai mwandishi huyo lazima ana ndugu makarani. Mwishowe hoja ikapigiwa kura ya mikono, kama kwenye mkutano wa kijiji, na mwisho wa mwandishi ukaanguka vibaya. Aliyeunga mkono alikuwa mvuta tumbaku mmoja tu.

Mtunza maktaba hakuutupa. Aliubandika pia, lakini nyuma ya ule wetu, na juu yake akaandika kwa wino mwekundu: "Huu haukupitishwa."