Nairobi ya watembeao

Nilipoondoka kwenda Leeds kufanya kazi ya uuguzi, Thika Road ilikuwa bado inachimbwa, vumbi tupu mpaka Githurai. Sasa nimerudi kuishi, na kwa kuwa sina gari, jiji nalijua upya kwa miguu.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu milioni 3.1 Nairobi, ya 2019 ikahesabu milioni 4.4. Ukitaka kuwaona, simama alfajiri kwenye njia zinazotoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwenda Industrial Area. Wafanyakazi wa viwandani wanapita makundi kwa makundi, wanawake kwa wanaume, wengi wakitembea ili nauli ibaki nyumbani iwe ya unga. Lori likija, wanajibana ukingoni mwa mtaro. Njia ya miguu ama haipo, ama imeshakaliwa na bodaboda na kokoto za mjenzi. Mvua ikinyesha mtaro unafurika, na maji yale ya choo ndiyo wanayoyakanyaga hadi kazini. Halafu tunashangaa kipindupindu kinatoka wapi.

Wodini tunawahimiza wenye presha na sukari watembee kila siku. Hawa wanatembea tayari! Kinachowaumiza ni moshi wa dizeli na hofu ya kugongwa. Na akigongwa baba mwenye kibarua cha siku, wanaolala njaa ni nyumba nzima. Ndiyo maana kwangu njia ya miguu ni huduma ya afya, sawa na chanjo.

Expressway, barabara ya magari ya kulipia iliyofunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, nimeipanda, na kweli ni ya haraka. Lakini mwenda kwa miguu haimfai kitu.

Outering Road angalau ina madaraja ya kuvukia. Jioni moja nilimuuliza mama mboga mmoja pale kwa nini watu wanakatiza magari na daraja liko hapo hapo.

"Dada, hapo juu giza likiingia hakuna taa," akaniambia huku akikatakata sukuma. "Utaporwa simu na hiyo pesa kidogo umeuza. Afadhali nikimbie na magari, hayo nayaona."

Sijapata jibu la kumpa. Amepima hatari mbili, akachagua ile anayoiona.

Na si kwamba hatuwezi. Luthuli Avenue niliiacha matatu zikisukumana. Leo njia za miguu zimepanuliwa, mtu anatembea bila kugeukageuka. Michuki Park, kando ya Mto Nairobi, watu wanapumzika chini ya miti mahali palipokuwa jalala. Kazi kama hiyo naitaka Mukuru na Eastlands, siyo katikati ya jiji peke yake.

Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe kwenye mambo ya bajeti. Kaunti ikiita kikao cha wadi yetu nitakwenda, na mama mboga amekubali twende pamoja. Tutaanza na taa za daraja.