Mimi nimepunguza nyama, yeye ameiacha: jiko letu moja Dodoma

Nyama nimeipunguza kwa sababu ya presha. Binti wa kaka yangu, anayesoma hapa Chuo Kikuu cha Dodoma na kuishi nami Ipagala, ameiacha kwa sababu ya ng'ombe mwenyewe. Majirani walituweka kapu moja, "wale wa majani", na shemeji yangu akasema sasa nitapumzika, chungu kimoja kinatosha. Wiki ya kwanza haijaisha, asali ilishatutenganisha.

Ilikuwa asali nzuri ya Manyoni, niliyoletewa. Nikamtilia kwenye chai ya tangawizi, akaisogeza pembeni kwa adabu. "Shangazi, nyuki wamejiwekea chakula chao." Daktari wangu aliwahi kunionya kuhusu asali, lakini yeye aliitaja pamoja na sukari. Habari za nyuki hazikuwamo kabisa.

Ndipo nikaanza kumuuliza vizuri. Hawa watu wanaoitwa vegani chama chao kilianzishwa Uingereza mwaka 1944, na Donald Watson na wenzake. Walikuwa tayari hawali nyama, wakaona maziwa na mayai nayo yana shida ile ile. Leo chama hicho kinaueleza uvegani kuwa ni kuepuka, kadiri inavyowezekana, kumtumikisha na kumtesa mnyama, iwe kwa chakula, kwa mavazi au kwa jambo lingine lolote. Tafuta humo neno presha, sukari au kitambi, hulioni. Ndiyo maana mtoto huyu hula chips kavu na soda jioni nzima, dhamiri yake ikiwa nyeupe. Viazi havikumuumiza mtu. Muuguzi wangu wa kliniki angeiona sahani ile angekaa chini.

Na kinyume chake kipo. Wazee wetu wa Kigogo wamekula ugali wa uwele na mlenda karibu kila siku ya maisha yao, nyama ni ya sherehe na ya mgeni, huku zizi limejaa ng'ombe nje. Kwa mtaalamu wa lishe mlo huo una mengi ya kusifu. Kwa vegani, zizi lile bado ni swali.

Jikoni tulipatana hivi. Vilivyo vyetu sote hupikwa kwanza: ugali wa uwele au wa mtama, kunde, choroko, njugu mawe zikipatikana sokoni Majengo, na mboga yoyote ya majani kwa mafuta kidogo ya alizeti. Palipokuwa panahitaji maziwa au samli tunaweka karanga zilizosagwa, na kusema kweli mlenda wa karanga ni mtamu kuliko nilivyokuwa nikiupika zamani. Kisha kila mmoja anamalizia chakula chake. Mimi nachota mlenda wangu kabla ya magadi, maana magadi yana sodiamu kama ilivyo chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Yeye anatia magadi yake mpaka mlenda unavutika hadi kiwikoni. Mimi nina kisufuria cha dagaa siku nikijisikia. Mwiko wa dagaa hauingii kwenye chungu chake, nami hilo nimelikubali bila ubishi. Wangapi tunatenga vyombo kwa sababu za dini na hatuulizani?

Kilichonisumbua kwa muda mrefu ni vitamini B12. Mwili unaihitaji kwa ajili ya damu na mishipa ya fahamu, na inatengenezwa na bakteria. Kwenye mimea huwezi kuitegemea. Mimi na dagaa wangu na yai la mara moja moja naipata. Yeye haipati popote isipokuwa dukani, na upungufu wake huweza kuchelewa miaka kujitokeza kwa sababu ini huwa na akiba. Kwa hiyo nikamshika mkono tukaenda duka la dawa. Tukapewa vidonge vya rangi mbili, vile vya ganda laini. Akasoma boksi, akarudisha: ganda ni la jelatini, na jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Nilitaka kukasirika. Lakini muuzaji alikuwa mtu wa subira, akatafuta nyuma akapata tembe kavu isiyo na ganda. Njiani nikamuuliza, je, kama zisingekuwepo zile kavu? Akajibu kwamba angemeza za jelatini, kwa sababu "kadiri inavyowezekana" imewekwa kwa ajili ya mahali kama pale. Jibu hilo lilinituliza zaidi ya hotuba zote alizowahi kunipa.

Tangu hapo namheshimu kwa namna nyingine. Mimi daktari akiniambia kesho presha imetulia, Jumamosi yake utanikuta mnadani Msalato mbele ya mshikaki. Yeye hata apewe cheti cha afya bora kuliko watu wote wa mkoa huu, hali nyama. Wala haendi kwenye harusi na viatu vya ngozi, anavaa raba zake na gauni refu.

Sasa limekuja la mahari. Kuna kijana, wa heshima zake, na kwetu mahari ni ng'ombe na mbuzi. Lishe haina la kusema hapa. Ng'ombe wa mahari haliwi siku hiyo. Ila binti amesema hataki kuolewa kwa mnyama, na kwa kuwa shangazi ndiye msemaji wa mambo haya, nimetumwa kwa kaka. Nimemweleza kwamba upande wa kijana uko tayari kutoa fedha taslimu, kama wanavyofanya wengi siku hizi mjini. Kaka ameuliza ng'ombe mmoja atahesabiwa shilingi ngapi, kwa hiyo naona mazungumzo yameanza.