Riwaya imeninyima usingizi

Jana nimelala saa tisa usiku, na wa kulaumiwa ni riwaya. Inahusu wanawake wa Vita Kuu ya Pili: marubani, na wengine wanaowasaka wahalifu wa kivita waliojificha. Nikadhani mwandishi katia chumvi, nikaingia intaneti kupekua. Kumbe wapi! Kikosi cha 588 cha Wasovieti kilikuwa cha wanawake, wakirusha usiku vindege vya mbao na turubai. Wakikaribia shabaha wanapunguza injini, wanateleza; Mjerumani anasikia upepo tu, kisha mlipuko. Akawaita wachawi wa usiku.

Ila aliyenikaba koo ni Hermine Braunsteiner. Alikuwa mlinzi wa Majdanek, kambi ya mateso ya Wanazi, katili kupindukia, kisha akaolewa na Mmarekani na kutulia zake Queens, New York. Mwaka 1964 mwandishi wa habari akabisha hodi, akamkuta anapaka rangi nyumba. Rangi, jamani! Majirani walimwona mama wa nyumbani tu. Kifungo cha maisha alikipata 1981, Ujerumani.

Asubuhi mama kanikuta nimelalia kitabu, akauliza kama nina mtihani. Zimebaki kurasa 40. Aliyeimaliza asinisimulie.