Chandarua cha Duara

Niliporudi Dar es Salaam kutoka Istanbul, Februari 2019, begi langu la mkononi lilikuwa na mto wa shingo, chupa ya kupulizia maji ya chumvi, losheni, shampuu, vidonge vya antibaiotiki vya siku 5, vidonge vya prednisoloni, vya kupunguza uvimbe, vya siku 3 na karatasi ya maelekezo. Kichwani nilikuwa na vipandikizi 2,140, yaani mashina ya nywele yaliyotolewa kisogoni na kupandwa mbele, vyenye umri wa siku 3. Karatasi niliisoma ndegeni mara nne, nikaihifadhi kama juzuu. Haikuwa na uongo mahali popote. Ila aliyeiandika alimfikiria mtu anayelala kwenye kiyoyozi, anayeoga kwa bomba la mvua, asiyejua mbu ni nini. Mimi nakaa Mbagala.

Nywele zilianza kuniacha nikiwa na miaka 27: pembe mbili juu ya paji la uso, kisha pembe zikakutana. Upara wa namna hii ni wa kurithi. Homoni iitwayo DHT hudhoofisha mashina ya nywele za mbele na za utosini, na kila unywele unaoota upya huwa mwembamba kuliko uliotangulia, mpaka unabaki unyoya usioonekana. Nywele za kisogoni na za pembeni hazisumbuliwi sana na homoni hiyo, na ukizihamishia mbele huenda na tabia yake ile ile. Norman Orentreich, daktari wa New York, aliliandika jambo hilo mwaka 1959, na kazi yote ya kupandikiza nywele imesimama juu yake.

Kule Istanbul kitu cha kwanza daktari alichotaka kuona hakikuwa kichwa. Alinivua shati, akatazama kovu la chanjo ya kifua kikuu begani. Lingekuwa limevimba na kutanuka kupita kidonda chenyewe, yaani keloidi, angenirudisha nyumbani. Kisha akanipapasa kisogo kutafuta vile vipele vigumu ambavyo vijana wetu wengi huvipata kwa kunyolewa mpaka ngozi, kwa sababu huko ndiko nywele zinakotolewa. Baada ya sindano za ganzi hakuanza kazi moja kwa moja. Alitoa vipandikizi 20 tu, akavitazama kwenye lenzi. Vitano vilikuwa vimekatika.

Nywele za kipilipili hazijipindi juu ya ngozi tu. Hata shina lake, chini ya ngozi, limepinda kama ndoana. Kifaa cha kutolea ni kijibomba chenye makali mdomoni, na kikizamishwa wima hulikata shina katikati. Akabadilisha kijibomba, kutoka cha milimita 0.8 kwenda cha milimita 1, akawa anakizamisha kidogo tu na kuufuata mpindo. Ishirini vya pili, kikakatika kimoja. Anayetaka kwenda na nywele kama zangu aulize hilo kabla ya kuuliza bei: mtajaribu vingapi kwanza, na vikikatika mtafanya nini? Wakishangaa swali, aage.

Sasa nirudi Mbagala.

Asubuhi ya siku ya 4 niliamka macho yakiwa yamebaki nyufa mbili. Hii ilikuwa kwenye karatasi. Maji yanayodungwa kwenye ngozi ya kichwa pamoja na ganzi hayana pa kwenda ila chini, kwa hiyo siku ya 2 yako kwenye paji la uso, siku ya 3 au ya 4 yako machoni, kisha yanashukia mashavuni na kuisha yenyewe. Dawa ni kulala kichwa kimeinuka, nyuzi 45 hivi, na kitambaa baridi usoni, kamwe si juu ya vipandikizi. Shangazi yangu aliyekuja kunipokea hakuwa ameisoma karatasi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nyuki hao, mwanangu?"

Nikamwambia ndiyo, nyuki. Alikwenda kumlaumu mke wangu kwa nini hajanipaka asali.

Usiku ule ndio ninaoukumbuka kuliko upasuaji wenyewe. Nililala nimeegemea mito mitatu ukutani, mto wa shingo umenizunguka, feni ikinipuliza. Chandarua chetu kilikuwa cha duara, kile kinachoning'inia kwenye pete moja darini. Kwa mtu aliyelala chali hakina tatizo. Lakini chandarua cha duara ni kama pia iliyopinduliwa: chini kipana, juu chembamba. Anayelala ameketi huweka kichwa pale pale kinapobana. Nilikuwa nimelala humo usiku mmoja mzima bila kulifikiria, feni ikikisukuma mbali nami.

Saa saba usiku umeme ukakatika. Feni ikasimama, jasho likaanza, chandarua kikashuka taratibu kikanikalia utosini na mbele. Kila kipandikizi siku hizo kina kigaga chake, damu na ute uliokauka. Jasho lilivilainisha vigaga, vikashikana na nyuzi, kisha vikakauka navyo. Nilipogeuka kutafuta maji nilisikia kitu kama mwiba unaochomolewa, halafu uvuguvugu ukiteremka kuelekea nyusi ya kushoto.

"Mama Zuhura, leta tochi."

Vilikuwa vinne, vimening'inia kwenye wavu. Kipandikizi kilichotoka hakifanani na unywele uliokatika. Ni kama punje ya ufuta, kina nyama nyeupe kidogo na unywele mmoja au miwili katikati. Na alama ya hakika ni damu: isipotoka damu, hujapoteza kipandikizi, umepoteza kigaga au unywele tu. Siku mbili za mwanzo hata kuvuta unywele kunaweza kukitoa. Baada ya hapo unywele wenyewe hauna shida sana. Hatari ni kigaga, maana kimegandana na kipandikizi, na ukikivuta kabla ya siku ya 6 unavuta vyote. Kufika siku ya 9 au 10 shina limeshashikwa na ngozi, halitoki tena kwa kuvutwa.

Mke wangu alitaka kuvirudisha. Haviwezi kurudishwa kwa kidole. Kikishakauka dakika chache kimekufa, na kukisukuma kwenye tundu lake ni kupeleka uchafu ndani na kuvuruga vya jirani. Kisha akataka kupaka mafuta ya nazi, nayo nikayakataa, maana kwenye kidonda kibichi mafuta hunasa vumbi na kuziba. Tulichofanya ni hiki: shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi, kuibonyeza pale penye damu dakika 10 bila kuchungulia, halafu kupulizia chandarua chote maji yale yale mpaka vigaga vilivyobaki vikalainika na wavu ukajiachia wenyewe. Hatukuuvuta. Hilo la mwisho nadhani ndilo lililookoa vingine, kwa sababu sehemu iliyokuwa imeshikwa ilikuwa pana kama kiganja.

Asubuhi shemeji yangu alipigilia misumari minne, tukafunga chandarua cha pembe nne. Kilinigusa popote isipokuwa kichwani.

Baada ya hapo nikaanza kuisoma ile karatasi kwa jicho lingine, nikiuliza kila mstari: hii kwetu maana yake nini? "Vaa nguo zisizopita kichwani" kwetu maana yake kanzu imekufa wiki mbili, hata ukifungua vifungo vyote vya kifuani. Nikashinda na mashati na kikoi. "Pulizia maji ya chumvi kila nusu saa uwapo macho" ina maana ile chupa yao itaisha siku ya 5. Nilinunua duka la dawa dripu ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, nusu lita, nikajazia. Maji ya kisima chetu yana chumvi pia, lakini si chumvi hiyo. Ya kuoshea tulichemsha jioni, tukayaacha yapoe usiku kucha yamefunikwa. Kofia waliyonipa ilikuwa ya kitambaa laini, pana. Kofia ya viua, ile inayokaa sawasawa kichwani, ningeivaa ingenifanyia kazi ya chandarua mara kumi.

Na kwa jambo moja sisi ndio tuliokuwa na raha. Ukurasa mzima wa pili ulikuwa onyo juu ya nguvu ya bomba la mvua. Sisi tunaoga kwa kopo.

Sala ilinipa shida zaidi. Paji la uso haligusi chini kwa siku 10 angalau, na kuinama sana siku za mwanzo huongeza uvimbe. Nilimwendea imamu wa mtaani nikamweleza ukweli, sio nyuki. Akaniambia niswali kwenye kiti, rukuu niinamishe kidogo, sijda niinamishe zaidi kidogo. Kuhusu udhu, kwa madhehebu yetu ya Shafi kupaka maji sehemu ya kichwa kunatosha. Nikawa napaka juu ya sikio, ambako hapakuguswa. Ijumaa wazee watatu walinipa pole ya mgongo. Niliipokea.

Siku ya 10 ilikuwa ya kuondoa vigaga, na hapo kosa lingekuwa la upande wa pili: woga. Baada ya usiku ule nilitaka viachwe vidondoke vyenyewe. Visipoondolewa mpaka wiki mbili zipite hugeuka ganda moja gumu, chini yake usaha unaweza kujificha, na kwenye nywele zilizojipinda ganda hilo hufungamana na vinywele kama gundi. Mama Zuhura alinikalisha kwenye kigoda uani, akapaka losheni nene, tukasubiri dakika 40. Halafu kopo la maji vuguvugu, halafu ncha za vidole, si kucha, akizungusha polepole, sehemu moja nusu dakika kisha ya pili. Vilianza kutoka kama maganda ya mchele, kila kimoja na kijinywele ndani. Alisimama.

"Baba Zuhura, zinatoka."

"Kuna damu?"

"Hakuna."

"Endelea."

Hatukumaliza siku hiyo. Asubuhi na jioni kwa siku mbili, na siku ya 12 ngozi ilikuwa safi, ya waridi kidogo, yenye vinywele vifupi kama ndevu za juzi.

Raha hiyo ilikaa wiki moja na nusu. Kuanzia wiki ya 3 nywele zote mpya zilianza kuangukia kwenye mto, na kufika wiki ya 6 nilikuwa na upara mkubwa kuliko niliokwenda nao, kwa sababu hata baadhi ya nywele za zamani zilizokuwa jirani zilishtuka zikaanguka. Shina likihamishwa huangusha unywele wake na kupumzika. Linaanza kusukuma tena nywele mwezi wa 3 au wa 4, nyembamba na zisizo na mpango, na sura kamili ni mwezi wa 12, utosini hata 18. Hapa ndipo watu huingia mitandaoni na kununua mafuta ya kila rangi. Mimi nilirudia minoksidili, dawa ya nywele ya kupaka, ya asilimia 5, mililita 1 asubuhi na jioni, baada ya wiki 4 kama karatasi ilivyotaka, na finasteridi, kidonge cha kupunguza ile DHT, miligramu 1 kwa siku, sikuwa nimeiacha.

Wengi hudhani ukishapandikiza umemaliza. Zilizopandikizwa hubaki, za asili zilizo nyuma yake zinaendelea kuondoka, na bila dawa baada ya miaka michache unaweza kubaki na ukingo mzuri mbele na jangwa nyuma yake. Ni kuchagua: dawa kila siku, au usianze. Na finasteridi si peremende. Wanaume wachache hupungukiwa na hamu au nguvu za ndoa, na huyo azungumze na daktari mapema, asione haya. Pia hushusha kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, karibu nusu, kwa hiyo anayepimwa lazima aseme anaitumia, la sivyo ugonjwa unaweza kujificha. Mama Zuhura alikuwa na mimba ya miezi 5 wakati ule. Vidonge vilikaa juu ya kabati na hakuna aliyevikata nusu, kwa sababu unga wake unaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Mwezi wa 3 vikaja vipele, nywele zilizopinda zikishindwa kutoka na kuchimba ndani. Kitambaa cha maji ya moto dakika 10 mara mbili kwa siku vilitosha, bila kuvikamua. Kinyozi wangu nilimzuia mashine ya namba sifuri kisogoni, na bado namzuia.

Mke wangu anasema ile nafasi ya vinne anaiona mpaka leo, juu ya nyusi ya kushoto, vidole viwili ndani ya ukingo. Amenionyesha kwenye kioo, kwenye picha, mchana na kwa tochi. Mimi sioni kitu.