Mito miwili inapoacha majina yake

Mjomba wangu alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi, Pangani mjini hadi Bweni, ng'ambo ya mto, na kurudi. Mpaka leo, ukimtajia mto wowote duniani, anauliza swali lile lile: "Ukipiga ukelele ng'ambo hii, ng'ambo ya pili wanasikia?" Ndiyo maana niliporudi safari mwezi uliopita sikukaa Tanga hata siku mbili. Nilipanda basi la asubuhi nikamfuata barazani kwake. Shikamoo, marahaba, za huko, nikaanza kumsimulia.

Nilikwenda Ujerumani kumwona binti yangu, anasomea misitu Göttingen. Jumamosi moja akaniambia, "Baba, leo nakupeleka mahali utapapenda," na kabla saa moja haijatimia treni ikatushusha Hannoversch Münden, wenyewe wanaandika Hann. Münden. Ni mji mdogo uliozungukwa na vilima vyenye miti mpaka kileleni. Chuo cha misitu kilianzia hapo mwaka 1868, kabla ya kuhamishiwa Göttingen, kwa hiyo binti aliutembelea kama mtu anayekwenda kwa bibi yake.

Alinipitisha moja kwa moja hadi kwenye kisiwa kidogo, mwisho wa mji. Kushoto unakuja mto Fulda, kulia mto Werra. Mito hiyo inakutana mbele ya macho yako, na kuanzia hapo maji yanaitwa Weser, yanakwenda zaidi ya kilomita 400 hadi Bahari ya Kaskazini. Kuna jiwe kubwa la mwaka 1899 lenye beti za kueleza kwamba hapo Werra na Fulda wanabusiana, na kwa busu hilo kila mmoja anapoteza jina lake. Binti alinitafsiria mstari kwa mstari. Nilisimama pale muda mrefu kuliko alivyotegemea.

Nilikuwa nawaza Kikuletwa na Ruvu. Hiyo ndiyo mito yetu miwili: Kikuletwa inatoka upande wa Meru na Kilimanjaro, Ruvu inatoka mashariki ya Kilimanjaro na Ziwa Jipe. Zinaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kinachotoka ni Pangani, kinachoshuka hadi Hale kinazungusha mitambo ya umeme, halafu kinakuja kupita mbele ya baraza la Mjomba. Nilipomwambia binti, akasema hakuwahi kusikia. Nimemlea Tanga mimi mwenyewe, nikamfundisha kuogelea katika mto huo, sikuwahi kumwambia unatoka wapi. Iliniuma.

Jambo jingine alilonionyesha ni kuhusu chumvi. Werra una chumvi ingawa bahari iko mbali kiasi hicho, kwa sababu huko juu kuna migodi ya potashi, chumvi ya kutengenezea mbolea, na maji yake taka yanaishia mtoni. Kwetu chumvi inapanda kutoka baharini, na wakulima wa kandokando wanaijua vizuri kwenye minazi na mpunga wao.

Sasa nyumba. Katikati ya mji kuna nyumba za zamani zipatazo 700, zimebanana, orofa ya juu imetokeza mbele kuliko ya chini, boriti nyeusi zinaonekana nje zikiwa zimepishana juu ya ukuta mweupe. Kwa mbali ni kama mchoro. Nikasogea. Nyumba moja ilikuwa inakarabatiwa, lipu imebanduliwa sehemu ya ukubwa wa mkeka, na ndani yake nikaona fito zimesukwa, juu ya fito udongo uliochanganywa na majani makavu. Nikaweka kidole. Nyumba ya kukandika! Boriti zao ni za mwaloni, zimeungwa kwa vigingi vya mbao, lakini ufundi ule mikono yangu iliujua, niliufanya na wenzangu utotoni tukikanyaga udongo kwa miguu. Baadhi zina miaka zaidi ya 400, watu wamo ndani, maua madirishani. Kwetu mtu akipata hela kidogo kitu cha kwanza ni kuibomoa. Sisemi watu wakae kwenye nyumba inayovuja. Nasema hakuna aliyewahi kutuambia kwamba fito na udongo vikitunzwa vinaweza kumzika mjenzi, mjukuu na kitukuu.

Ukumbi wa mji nao una saa yenye vikaragosi, mchana vinatoka kumwigiza Daktari Eisenbarth, tabibu wa kuzunguka masokoni aliyefia hapo mwaka 1727. Watalii wanaupenda sana. Mimi nilitaka kurudi mtoni.

Kwa sababu mji huo uliishi kwa mto. Mwaka 1247 tayari ulikuwa na haki kwamba shehena ikipita lazima ishushwe hapo na wenyeji wauziwe kwanza, ndipo ipakiwe tena. Makuli, wenye maghala, wenye boti, wote walikula humo. Septemba 1707 akatokea Denis Papin, mwanasayansi Mfaransa, yule aliyebuni sufuria ya presha. Alitoka Kassel kwa boti yake yenye magurudumu ya kukata maji badala ya makasia, anataka kufika Uingereza. Alipofika Münden, chama cha wenye boti kikamzuia, na boti ikavunjwa vipande vipande.

Hapo Mjomba akakaa wima. "Walifanya sawa."

"Mjomba, mtu alikuwa anavumbua kitu."

"Na wao walikuwa na watoto. Wewe hukuwepo pantoni ilipokuja hapa."

Sikuwa na jibu, na bado sina.

Nikamalizia na habari iliyonikaa zaidi. Mwaka 1776 mtawala wa Hesse-Kassel, dola ndogo ya Kijerumani, aliwakodisha vijana wake kwa Mwingereza wakapigane Marekani, na vikosi vilipanda boti pale Münden, vikateremka Weser mpaka baharini. Vijana wa mashambani, mtawala anapokea fedha. Mjomba anajua habari za askari wa kukodiwa. Pangani, Agosti 1888, watu waliinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na Julai 1889 Wissmann, kamanda wa Kijerumani, akaja kuuteka mji kwa bunduki za Wasudani waliochukuliwa Misri na Washangani kutoka Msumbiji. Desemba 15 mwaka huo Abushiri bin Salim, aliyewaongoza waasi, alinyongwa hapa hapa, mwendo mfupi kutoka tulipokaa.

Mjomba alitazama maji kitambo. Kivuko kilikuwa kinarudi kutoka Bweni, bodaboda zimejipanga mbele.

"Hao vijana wa Kijerumani, walirudi?"

"Wengine. Maelfu hawakurudi. Kuna waliokufa, kuna waliobaki huko huko."

"Na kwenye lile jiwe lako, majina yao yameandikwa?"

"Hapana, Mjomba. Pale kuna majina ya mito tu."